iPod ya Zamani na Memori Kadi za Kariakoo

iPod yenye diski ina viungo viwili vinavyochoka kabla ya vingine vyote: diski yenyewe na betri. Bodi, kioo, gurudumu la kuchagulia nyimbo na tundu la iafoni huweza kupita miaka kumi na mitano bila kudai chochote. Kwa hiyo iPod iliyolala kabatini kwa kuwa imeambiwa imekufa mara nyingi bado ni nzima. Kilichokufa ni kimojawapo cha viungo hivyo viwili, na vyote hubadilishika.

Katika eneo la Kariakoo, Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, kuanzia Gerezani hadi mitaa ya Msimbazi na Aggrey, maduka ya simu na spea zake yamebanana, na mbele ya mengi yao kuna meza ya fundi yenye taa, bisibisi ndogo na mita ya kupimia umeme. Fundi anayebadilisha vioo vya simu siku nzima anaweza kuifungua iPod, kuiwekea memori kadi mahali pa diski, kubandika betri jipya na kuifunga, na haimchukui muda mrefu. Ugumu wa kazi hii uko kwenye kuchagua kadi na betri katika soko ambako bidhaa halisi na feki hukaa kwenye trei moja, kwa bei zinazokaribiana. Anayejua kupima vitu hivyo viwili amemaliza sehemu kubwa ya kazi kabla hata kifuniko hakijafunguliwa.

Apple ilitangaza iPod ya kwanza tarehe 23 Oktoba 2001. Ndani yake mlikuwa na diski ya Toshiba ya inchi 1.8 yenye GB 5. Mwaka 2004 ikatoka iPod mini, na Oktoba 2005 likaja toleo la tano, lile lililoanza kucheza video, likiwa na GB 30 au 60. Mwaka uliofuata likaongezwa la GB 80. Mwaka 2007 jina la Classic likaanza kutumika, na toleo la mwisho la Classic, la mwaka 2009, lilikuwa na GB 160. Classic iliondolewa madukani Septemba 2014, na Mei 2022 Apple ikatangaza mwisho wa iPod zote. Dar es Salaam vifaa hivi vilifika zaidi ndani ya mabegi ya ndugu waliorudi kutoka nje na kupitia mitumba ya vifaa vya umeme. Wakazi wengi wa jiji waliruka kutoka kaseti na CD moja kwa moja hadi simu yenye memori kadi, na ndiyo sababu mafundi wengi wana mikono mizuri lakini hawajawahi kuiona iPod ikiwa wazi.

Simu nayo hucheza muziki, na swali la kwa nini mtu ahangaike na kifaa cha mwaka 2006 ni la haki. Jibu liko kwenye muziki wenyewe. Sehemu kubwa ya nyimbo za dansi za Tanzania zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na nyingi kati yake haziko kwenye huduma za kusikiliza kwa intaneti. Nyimbo za NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye ikaitwa JUWATA, OTTU na hatimaye Msondo Ngoma, na za Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zimebaki hai kwa wapenzi wanaopeana mafaili kutoka flashi hadi flashi. Mwenye mkusanyiko wa namna hiyo anahitaji kifaa kimoja kinachoubeba wote, kisichokula bando, kisichokatizwa na simu inayoingia katikati ya sebene.

Diski ya iPod huzunguka mara 4,200 kwa dakika, na juu ya sahani zake huelea kichwa cha kusomea, kikiwa karibu nazo mno lakini bila kuzigusa. Mtikisiko mkali wakati wa kuzunguka hukiangusha kichwa juu ya sahani, nayo hukwaruzika. Dalili zake hazifichiki: mlio wa tik-tik ndani ya kifaa, wimbo kukwama katikati, kisha kioo kuonyesha picha ya iPod yenye uso wa huzuni. Hata hivyo picha hiyo pekee haitoshi kuihukumu diski, kwa sababu hutokea pia waya bapa unaounganisha diski na bodi unapolegea au betri linapokuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kuizungusha diski. Fundi mwangalifu huanza kwa kuchomoa waya huo na kuurudisha vizuri kabla ya kutamka hukumu.

Diski mpya za aina hiyo hazipatikani kirahisi, na hata ikipatikana iliyotumika haifai kununuliwa, maana nayo imezeeka. Njia inayofaa ni adapta: kibao chembamba chenye ukubwa wa diski, upande mmoja kina mdomo wa kupokea waya bapa wa iPod, upande mwingine kina nafasi ya kadi. Adapta zinazojulikana zaidi duniani ni za iFlash, ambazo kuna ya kadi moja, ya mbili na ya kadi nne za microSD. Hii ndiyo spea ambayo kwa kawaida huagizwa kutoka nje, kwa kuwa haina mnunuzi mwingine isipokuwa mwenye iPod. Toleo la tano na Classic hutumia mdomo wa aina moja. Matoleo ya kwanza hadi la nne yana mdomo tofauti, hivyo adapta yake ni nyingine. iPod mini ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu kidiski chake kiliundwa kwa umbo la kadi ya CompactFlash na hutolewa, mahali pake ikapachikwa kadi halisi bila adapta yoyote.

Kabla ya kununua kadi ni lazima kujua iPod inaweza kuhesabu hadi wapi. Kila sehemu ndogo ya diski ina namba yake ya anwani na hubeba baiti 512. iPod za awali huandika anwani hiyo kwa biti 28, na biti 28 hutoa anwani 268,435,456 tu. Zikizidishwa kwa baiti 512 hupatikana baiti bilioni 137 na kidogo, na zaidi ya hapo kifaa hakioni kitu. Toleo la tano halina kikomo hicho, wala Classic ya 2009. Classic za 2007 na 2008 zikiwekewa adapta hukomea hapo kwa programu ya Apple. Mwenye kifaa cha aina hiyo akinunua kadi ya GB 256 ametupa nusu ya fedha yake. Jambo la pili ni kumbukumbu ya ndani ya kufanyia kazi: toleo la tano la GB 30 lina MB 32, na yale ya GB 60 na 80 yana MB 64. Yenye MB 32 huanza kusuasua orodha ya nyimbo inapokuwa ndefu sana, hata kama kadi bado ina nafasi tele.

Kwa mpenzi wa dansi, GB 128 ni nyingi. Wimbo wa dakika 8 uliohifadhiwa kwa ubora wa juu wa MP3, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, huchukua MB 19 hivi. Diski ya zamani ya GB 30 ilibeba nyimbo kama hizo takribani 1,500, na kadi ya GB 128 hubeba zaidi ya 6,500. Mkusanyiko unaohitaji nafasi zaidi ya hapo ni nadra.

Sasa kadi yenyewe. Memori kadi feki si lazima iwe mbovu kwa macho. Mara nyingi ni kadi nzima ya GB 8 au 16 ambayo kidhibiti chake kimeandikwa upya ili kiiambie kompyuta kwamba kina GB 128 au 256. Kompyuta huamini. Nyimbo za kwanza hunakiliwa vizuri na kuchezwa vizuri. Nafasi halisi ikijaa, kadi huendelea kupokea mafaili na kuonyesha majina yake, lakini yaliyomo hupotea au huandikwa juu ya yale ya mwanzo. Mnunuzi hugundua baada ya wiki, anapofungua wimbo na kukuta kimya. Maandishi kwenye pakiti hayasaidii kitu, kwa kuwa pakiti huchapishwa kirahisi kuliko kadi.

Kipimo cha uhakika ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwa wanaotumia Mac na Linux, huandika mafaili yenye data inayojulikana hadi kadi ijae, kisha huyasoma moja moja na kulinganisha. Zote ni za bure. Kadi ya GB 128 inayoandikwa kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde huchukua karibu saa moja na dakika 47 kujaa, na muda mwingine wa kusomwa. Hakuna muuzaji atakayemwacha mteja akae kaunta saa tatu, kwa hiyo mapatano hufanywa mapema: risiti ya EFD ichukuliwe, muuzaji akubali kwa kinywa chake kwamba kadi ikishindwa kipimo itarudishwa, na kipimo kifanyike nyumbani siku hiyohiyo, kabla kadi haijaingia kwenye iPod. Muuzaji anayekataa sharti hilo ametoa jibu linalotosha. Kuna lawama moja isiyo ya haki ambayo wauzaji hubebeshwa: kadi halisi ya GB 128 kwenye Windows husomeka kama 119, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Hapo hakuna aliyeibiwa.

Betri linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kadi mbaya hupoteza nyimbo, lakini betri baya huweza kuwaka. Betri la iPod ni la lithiamu, lenye volti 3.7 za kawaida na 4.2 likijaa. Hudhoofika kwa mizunguko ya kuchajiwa, kwa umri na kwa joto, na joto la Dar es Salaam, ukiongeza dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, hufanya kazi hiyo haraka. Betri la awali la toleo la tano la GB 30 lilikuwa na mAh 400 hivi, nayo Apple iliahidi saa 14 za muziki. Diski ikishatolewa hubaki nafasi kubwa, kwa kuwa adapta ni nyembamba kuliko diski, na nafasi hiyo ndiyo huchukuliwa na betri za mAh 2,000 au 3,000 zinazouzwa mahususi kwa iPod zilizoondolewa diski. Kadi nayo haina sahani ya kuzungusha, kwa hiyo umeme unaotumika hupungua. Mambo hayo mawili yakikutana, kifaa kilichokuwa kikizima kabla ya adhuhuri huweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa chaja. Malipo yake ni subira wakati wa kuchaji: tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa mA 500, hivyo betri la mAh 2,000 halijai chini ya saa nne.

Namba iliyochapishwa juu ya betri isiaminiwe peke yake. Betri la lithiamu lina uzito na ujazo unaoendana na umeme wake, na kibetri chembamba kilichoandikwa mAh 3,000 ni uongo ulioandikwa kwa wino mzuri. Fundi huliweka kwenye mita: betri jipya lililohifadhiwa vizuri husoma kati ya volti 3.6 na 3.9. Likisoma chini ya 3 limekaa ghalani muda mrefu na limeharibika hata kama halijatumika. Lililovimba, hata kidogo, halipokelewi. Unene nao ni muhimu. Kifuniko cha nyuma cha GB 30 ni chembamba na cha GB 60 na 80 ni kinene, na betri likiwa kubwa kuliko nafasi, kifuniko kitafungwa kwa kulikandamiza, jambo ambalo ni hatari. Kuna mafundi hukata waya wa betri la zamani na kuuchomelea kwa risasi kwenye betri la simu. Kwa iPod njia hiyo haipendekezwi, kwa sababu joto la kuchomelea huharibu seli, na nguzo mbili zikigusana hapo hapo cheche huruka. Betri lenye mdomo wake halisi ni ghali kidogo na linastahili tofauti hiyo.

Kuliagiza kuna kikwazo chake. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilizuia betri za lithiamu zinazosafiri peke yake kama mzigo ndani ya ndege za abiria, na huduma nyingi za posta hazizipokei. Anayeagiza adapta na betri kwa pamoja anaweza kupata kimoja mwezi huu na kingine miezi inayofuata. Inafaa kuliulizia betri kwanza kwa wauzaji wa spea wa Kariakoo wanaoleta mizigo kwa meli.

Ufunguaji wa toleo la tano hufanywa kwa plastiki nyembamba, kamwe si kwa bisibisi ya chuma, ambayo huacha makovu kwenye ukingo. Kitufe cha kufungia husogezwa kwanza upande wa kufunga, ili kifaa kisiwake mkononi. Plastiki huingizwa kwenye mshono kati ya uso mweupe au mweusi na mgongo wa chuma, ikizungushwa hadi vibanio viachie kimoja kimoja. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuvuta. Uso na mgongo vimeunganishwa na nyaya mbili bapa: moja ya betri, lililobandikwa mgongoni, na nyingine ya tundu la iafoni. Pande mbili hufunguliwa kidogo tu, kibanio cha waya wa betri huinuliwa kwa ukucha au kibano cha plastiki, waya hutolewa, na ndipo kifaa hulazwa wazi kama kitabu. Diski imevikwa raba za buluu pembeni. Huinuliwa, kibanio cheusi cha mdomo wake husimamishwa, na waya hutoka bila kulazimishwa. Ukigoma, kibanio hakijafunguka. Classic ni mtihani mwingine: uso wake ni wa chuma na vibanio vyake vimekaza sana, na hata fundi mzuri huweza kuipinda. Asiyewahi kufungua Classic aanze na ya mtu aliyeshakata tamaa nayo.

Adapta ikishaingia, betri jipya likibandikwa na nyaya kurudi, kifaa hujaribiwa kabla ya kufungwa. Menu na kitufe cha katikati hubanwa pamoja kwa sekunde sita hadi nane ili kianze upya. Kadi ikiwa tupu, iPod huomba kuunganishwa na iTunes, na ombi hilo ni habari njema, kwa sababu maana yake kadi imeonekana. Kwenye Windows bado hutumika iTunes, na kwenye Mac zenye macOS ya kuanzia mwaka 2019 kazi hiyo imehamia Finder. Urejeshaji ukishindwa, wa kushukiwa kwanza ni waya uliolegea, kisha kadi, kisha betri lisilo na chaji ya kutosha.

Nyimbo zilizopakuliwa mitandaoni au kuingizwa kwenye vibanda zina kero yake. Nyingi zimebandikwa jina la tovuti mahali pa jina la msanii. Simu huweza kupanga kwa majina ya mafaili na kuificha kero hiyo, lakini iPod hupanga kwa maelezo yaliyomo ndani ya faili, na orodha ya wasanii hugeuka orodha ya tovuti. Programu ya bure ya Mp3tag husafisha mamia ya mafaili kwa mkupuo, na kazi hiyo inafaa kufanywa kabla ya kunakili. Njia nyingine ni Rockbox, programu huru iliyoanza kuandikwa mwaka 2001, ambayo huchukua nafasi ya programu ya Apple. Yenyewe hufuata mafolda, hucheza FLAC na aina nyingine ambazo Apple haikuziruhusu, na nyimbo huwekwa kwa kunakili tu, kama kwenye flashi. Hutaka kadi iwe imeandaliwa kwa Windows, yaani FAT32, kwa hiyo iPod iliyorejeshwa kwa Mac irudiwe kwenye Windows kwanza.

Maarifa haya hayawafai wenye iPod pekee. Redio ndogo za Kichina zinazosoma flashi na kadi, zinazosikika kwenye genge, saluni na kibanda cha mlinzi kote Ilala, nazo huishi kwa kadi na betri. Nyingi hutumia betri la BL-5C, lile la Nokia 1100, kwa hiyo kulibadilisha ni suala la kufungua kifuniko. Halisi la aina hiyo liliandikwa mAh 850, 970 au 1,020 kulingana na toleo, na linaloandikwa 3,000 kwa umbo lilelile halisemi kweli. Hata betri halisi si malaika: Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita huweza kupata joto kali zikichajiwa, ikajitolea kuzibadilisha. Redio hizo kwa kawaida husoma kadi hadi GB 32, na kipimo cha H2testw ni kilekile.

Betri la zamani lililotolewa halitobolewi, halitupwi motoni wala kwenye pipa la taka za nyumbani. Nguzo zake hufunikwa kwa utepe wa gundi, wa karatasi au wa umeme, na lililovimba huwekwa kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zinataka taka hizo zikusanywe na wenye kibali, na mafundi wanaofanya kazi nyingi huwa wanawajua wakusanyaji wanaopita kuzichukua. Diski iliyokufa nayo ina nyimbo na pengine picha za mwenyewe. Kabla ya kuachwa mezani kwa fundi, huvunjwa sahani zake.